Magharibi: Pori

Wakili ametaka mti wa nasaba,
shina na matawi, majina matatu matatu,
maana mnunuzi wa bohari hangoji ukoo ukumbuke.
Basi nikavuka Likoni na kalamu mbili za risasi
hadi Mtongwe, kwa shangazi Zuwena,
nikamkuta na ungo mapajani, achambua mchele.

"Babu Farjalla," akasema pasi na kuinua kichwa,
"alitoka Hadhramauti na sanduku la njumu.
Ardhi hii alipewa kwa heshima yake.
Andika hivyo, unywe chai."

Niliandika hivyo. Nikanywa chai.

Lakini Jumatatu, katika ofisi ya ardhi,
karani mwenye kikohozi aliniletea jalada
lililoliwa na mchwa pembeni kama mkate wa mtoto.
Mwaka elfu moja mia tisa na kumi na tatu.
Wino umegeuka kutu.
"Mdai: Farjalla. Baba: hamjui.
Alikozaliwa: ziwani, bara. Aliletwa mdogo."

Aliletwa.
Nililirudia neno hilo
kama ulimi urudiavyo jino lililovunjika.
Hakuja. Hakuhamia. Hakupanda chombo na sanduku.
Aliletwa, kama liletwavyo gunia.

Kisha mali: minazi arubaini na mmoja,
mikorosho sita, kisima cha pima tano.
Kisha mipaka.
Kaskazini: maji ya Kilindini.
Mashariki: mkwaju na njia ya ng'ombe.
Kusini: makaburi ya Wadigo.
Magharibi: pori.
Pori tu. Halina jina, halina jirani;
mwandishi aliweka nukta pale
kana kwamba na dunia imekoma.

Waliuliza: ni nani aliyekupa ardhi hii?
Akajibu, na jibu limeachwa lilivyo:
"Sikupewa. Nilifyeka.
Mwaka wa kwanza tulilala juu ya dungu,
mimi na mke wangu, tukipiga debe
nguruwe wasile muhogo.
Mvua ilitunyeshea humo humo."
Chini yake dole gumba, jeusi,
mistari imepinda
kama matuta ya mtu aliyelima bila kamba.

Mke hakuulizwa jina.

Nikarudi Mtongwe. Nikamsomea shangazi yote,
hata lile neno. Mkono ukasita ungoni.
"Yawate," akasema. "Yalolala usiyaamshe.
Nina wajukuu wa kuoza miye."
Nikanyamaza. Kuku akapita kati yetu,
akarudi, akapita tena.
Kisha, baada ya muda mrefu:
"Umesema dungu?"

Nyuma ya choo, penye mpapai dume,
pana kipande cha ardhi tukiitacho Dunguni.
Tangu utoto tulitumwa: kaanike Dunguni,
kamwite nduguyo, yuko Dunguni.
Sikuwahi kuuliza. Hakuna dungu pale.
Pana kamba ya nguo na tairi la lori
ambalo hakuna anayekumbuka lilikujaje.

"Bibi, mzaa baba," akasema shangazi,
"alikuwa na kovu hapa," akagusa muundi wake,
"la panga. Refu hivi.
Tukimuuliza, asema:
huo ni mpaka wangu wa magharibi.
Sisi twacheka. Twadhani ni uzee."

Akaokota chuya moja, akaitazama juani,
akawatupia kuku.

Nilifungua daftari. Nikachora mstari
kutoka kwa Farjalla kwenda kando,
nikangoja.

"Mejumaa," akasema.
"Na usiandike kwa hiyo kalamu ya risasi.
Katafute wino."